Panga la Sita

Mama Riziki,

Mashine imefika. Naanza na hilo kwa sababu wewe ulitaka habari ya kazi kwanza, salamu baadaye. Imekaa pale ulipokuwa unarundika vyuma vya kuokoteza, upande wa ukuta unaotazama barabara ya Yoba. Ukuta wenyewe tuliubomoa ili ipite, maana mlango haukutosha. Sakafu nayo tuliichimba tukamwaga zege jipya, nene, tukalisubiri likauke kabisa kabla ya kuweka mzigo. Majirani walisimama asubuhi nzima kutazama, wengine na watoto mgongoni, kana kwamba tunapokea bibi harusi.

Turu yako, ile mashine ya zamani ya kukereza, haijaguswa. Iko mahali pake na inafanya kazi kila siku.

Mvua za pili tangu tukuzike zimeshapita. Bado nikibana kipande kwenye jiliwa nageuza shingo kidogo, nikuonyeshe. Halafu naona Riziki yuko peke yake kwenye ile meza ya karatasi, naye anajifanya hakuniona nikigeuka.

Nikueleze ilivyokuwa. Miezi michache baada ya msiba, watu wa miradi ya maji walikuja, wakifuatwa na wenye mitambo ya kuosha kahawa kule Muyinga. Walitaka tuwatengenezee vipuri vya pampu, vingi, na vyote vifanane, kile cha leo na kile cha mwakani. Benki ikakubali kutusaidia kununua mashine ya CNC, zile zinazoongozwa na kompyuta. Moja tu. Tukikosea, hakuna ya pili.

Riziki alitaka ya mihimili mitano, tena kubwa kuliko zote. Mimi nilitaka ya mihimili mitatu, ambayo kisu chake kinakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, basi. Ile ya mitano inaongeza kuinama na kuzunguka, kwa hiyo unabana kipande mara moja na inakikata pande zote bila kukifungua. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila unapokifungua kipande na kukibana upya, unapoteza kidogo. Nilijua basi kwamba Riziki ana hoja. Lakini nilimwambia umeme wa Gitega haueleweki, fundi wa kuitengeneza yuko mbali, na programu zake ni ngumu. Sababu nilikuwa nazo nyingi, na zote zilikuwa kweli. Ila iliyokuwa kweli kuliko zote sikuitaja. Niliogopa, Mama. Nilijiona mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mbele ya kioo chenye vitufe, nikishindwa huku vijana wakitazama.

Tulibishana miezi kadhaa hadi tukafika mahali pa kusalimiana kwa kichwa tu. Siku moja akaacha kuandika, akaniuliza taratibu, "Baba Ezra, Mama angefanya aje?"

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika, na mke wangu ndiye aliyenikumbusha hadithi uliyopenda kutusimulia, ya siku uliyonunua turu. Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka Uvira, hujulikani na mtu. Muuzaji alikuonyesha rangi mpya na taa, nawe ukatoa kwenye kikapu kipande cha chuma ulichokuja nacho, ukamwambia akikate. Ukakipima ncha hii na ncha ile. Alipoanza tena kuisifu mashine, ukamwambia, "Usinionyeshe mashini, nionyeshe kitu yenye inatoka ndani."

Kesho yake nilimwambia Riziki kwamba nitakwenda Dar es Salaam kuziona mashine hizo, na nitakwenda na kipande chetu wenyewe. Alijua ni kipi kabla sijakitaja.

Nikapitia Gasorwe, nyumbani. Unaikumbuka impela ya pampu yetu kule, lile gurudumu la shaba lenye mapanga sita yaliyopinda, linalosukuma maji kupanda kilimani. Ya kiwandani ilipovunjika, na mpya haipatikani, ulichonga nyingine kwa turu, keekee ya kutobolea na tupa, siku kumi na moja. Ilisukuma maji miaka tisa. Mwaka jana kamati ya maji ilibadilisha pampu nzima, na mlinzi wa pampu akaitundika impela yako ukutani, karibu na msalaba. Hakutaka kunipa. Alisema kitu hicho kimewanywesha watoto wake wote. Nilipomwambia wewe umefariki, akaitungua, akaifuta vumbi kwa shati lake, akanifungia kwenye kitenge. Kesho yake nikavuka mpaka nayo.

Dar niliona wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa na chumba kinachong'aa na vinywaji baridi. Mashine yake ilikuwa kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, kichwa chake kinainama chenyewe, na ilikuwa inachonga ua la alumini, zuri kweli. Nikatoa impela yako. Akatabasamu, akasema kazi kama ile inahitaji kupangwa, niiache nitapigiwa simu. Nikamuuliza mashine ikisimama Gitega atakuja nani. Akanipa namba ya simu ya nchi nyingine.

Wa pili alikuwa nyuma ya maghala, chumba cha kawaida chenye harufu ya mafuta ya kupozea chuma. Fundi wao anaitwa Rashidi, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Mashine yake ni ndogo, ingawa nayo ina mihimili mitano, na hapo kinachoinama na kuzunguka ni meza iliyobeba kipande. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kile isichoweza. "Ukiniletea chuma kipana kuliko sinia la pilau, hakiingii," alisema. "Shafti ndefu pia hapana, hizo kakereze kwenu." Akanieleza kwamba ile kubwa ya kichwa cha kuinama inawafaa watu wa vipande vizito na virefu, na kama kazi yetu ni impela na sahani za mitambo ya kahawa, tutakuwa tumenunua lori la kubebea mkate. Nilimpenda hapo hapo, Mama. Alikuwa anaongea kama wewe.

Ili akate nyingine, ilibidi kwanza aipime yako. Akaibana mezani, na badala ya kisu akaweka kijiti chenye kishanga chekundu kwenye ncha. Kijiti kinashuka, kinagusa, kinanyanyuka, kinagusa pengine, mamia ya mara, huku meza inainama na kugeuka polepole. Mapanga yakaanza kutokea kwenye kioo, moja moja, na rangi, kijani likiwa sawa, jekundu likiwa na kosa. La kwanza kijani. La pili kijani. Rashidi alikuwa amekaa. Lilipotokea la tatu alisimama.

"Nani alikata hii?"

Nikamwambia, mama mmoja wa Yoba, mjini Gitega.

"Kwa mashine gani?"

Nikamwambia. Alinitazama kuona kama namtania, kisha akafungua mlango akawaita wenzake. Walikuja wanne. Walisimama na mikono nyuma kama watu walio kanisani, wakitazama kazi ya mikono yako ikipimwa kwa kishanga cha rubi, na panga la nne likaja kijani, na la tano kijani. Nilitaka uwepo. Nilitaka uwe umesimama pale na kitambaa chako cha kichwa kilichoungua pembe, uwasikie wakinong'ona.

Halafu likaja la sita, jekundu.

Nililijua kabla hajauliza. Lile lilikuwa langu. Siku ya kumi ulinipa tupa ukasema, "Hii ni yako, mi macho imechoka." Nilichonga kuanzia asubuhi hadi jioni. Ulilipitishia kidole, ukaipima impela nzima mkononi, ukasema, "Bon. Iko sawa." Na mimi niliamini. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu kwamba panga moja la pampu ya Gasorwe ni kazi yangu.

Lilikuwa nene kupita mengine kwa robo ya milimita. Rashidi alisema impela yenye panga kama hilo ingetikisika hadi ivunje beringi zake ndani ya mwaka. Hakuelewa imewezaje kwenda miaka tisa. Akaigeuza. Nyuma yake, chini ya panga langu, kulikuwa na kishimo kifupi cha keekee, kilichosafishwa vizuri midomo yake. Nilikuwa nimekiona siku tuliyoifunga, nikadhani ni alama yako. Rashidi akaichomeka impela kwenye fimbo ya chuma, akailaza fimbo juu ya kingo mbili, akaizungusha kwa kidole. Iliposimama akaizungusha tena. Kila mara ilisimama upande tofauti. Haikuwa na upande mzito.

"Aliondoa uzito huku nyuma," alisema. "Alijua panga lina kosa, akalisawazisha bila kuligusa."

Mama, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Hukujua kwamba juma lile nilikuwa nimemwambia mke wangu tufungashe, turudi Kigoma tulikotoka. Au labda ulijua. Nilikuwa nimerudi Burundi mtu mzima, Kirundi changu kinachekwa sokoni, shamba la baba lina watu wengine ndani yake, na kwako mwenyewe kila siku nilikuwa naharibu kitu. Ulinipokea kwa sababu, ulisema, "We Nestori uko unaongea Kiswahili kama redio, utanifurahisha." Nilidhani ni hilo tu. Baada ya panga lile sikufungasha. Nilisema, kama naweza hili, basi naweza kazi. Nikakaa.

Nilimpigia Riziki simu pale pale kwenye ngazi, nikamsimulia yote. Akasema, "Mi nilimuona anatoboa. Nilimuuliza, akaniambia, ukimwambia leo atakwenda, ukimwacha atajifunza."

Hapo nikamwambia na mimi kile nilichokuwa nimemficha, kwamba sababu zangu za mihimili mitatu zilikuwa za woga. Hakunicheka. Alisema naye alitaka ile kubwa ili watu waone kwamba mtoto wako hajashindwa. Tukaelewana kwa simu, kwa dakika chache, baada ya miezi ya kununiana. Siku ya pili Rashidi aliikata impela mpya ya alumini mbele yangu, akiibana mara moja. Mapanga yote sita yakatoka kijani. Tukachukua mashine yake, kwa sharti kwamba aje mwenyewe Gitega atufundishe, na aache kabati la vipuri vinavyochakaa upesi.

Alikaa kwetu majuma matatu. Kujifunza kumenitesa, sitakudanganya. Niliendesha kila programu kwanza hewani, kisu kikiwa juu, mkono kwenye kitufe cha kusimamisha. Hata hivyo nilivunja kisu kimoja kwa sababu niliandika urefu wake vibaya. Nilitamani kusema umeme ulicheza. Nilikwenda kwa Riziki na vipande mkononi nikamwambia ni mimi. Aliandika, akaagiza kingine, tukaendelea.

Impela ya kwanza ya kuuza niliikata mwenyewe, na ikawa tayari kabla ya chakula cha mchana. Nilifurahi sana. Kisha furaha ikageuka kitu kingine ambacho sikijui jina. Siku kumi na moja za maisha yako, na sasa ni asubuhi moja. Nilitazama ile meza inavyoinama, mota zake, nyaya zake, kompyuta yake, nikafikiri kwamba vyote hivyo vimeundwa ili vifanye jambo ulilolifanya kwa mikono miwili na jicho. Watu husema mashine kama hii inawaaibisha mafundi wa zamani. Mimi tangu ije nakuheshimu zaidi. Zamani nilijua tu kwamba wewe ni hodari. Sasa nimeona ni kwa kiasi gani.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi. Juma lililopita alikuja mkulima kutoka Gishubi, amebeba shafti ya mashine ya kusaga mihogo iliyokatika. Alifika mlangoni, akaona ukuta mpya na kile kioo kinachowaka, akarudi nyuma hatua mbili. Nilimfuata nje. Aliniuliza kwa kusitasita kama hapa bado ni kwa Mama Riziki, au pamekuwa pa miradi mikubwa.

Nikamwambia ni hapa. Nikaichukua shafti yake, nikaiunga, nikaikereza kwenye turu yako, yeye amekaa kwenye kigoda anakunywa chai ya Riziki. Aliondoka nayo mchana ule ule.

Basi lala, Mama. Nenda pole pole huko uliko, hakuna kazi inayokusubiri. Nami nakuahidi hili: mashine iwe kubwa namna gani, mtu mwenye shafti ya mihogo begani hatarudi nyuma mlangoni kwako. Nitakuwa nimeshatoka kumpokea mzigo.

Nestori wako,
Yoba, Gitega