Mashimo Manne ya Kalerwe

Jumatatu, 3 Mei 1976

Imetembea tena. Debe la pili halijaisha, mashine nzima ya kusaga inasogea sakafuni kama mbuzi anayevuta kamba. Mkanda umechomoka, umepita karibu na uso wa mama mmoja kwenye foleni. Amenitukana. Ana haki.

Bolti zote nne zimeng'oka na vipande vya saruji. Kumbe sakafu yenyewe ni saruji nyembamba tu, chini yake mwamba. Miaka yote niliyompimia unga yule mzee wa Kihindi, kabla Wahindi hawajafukuzwa, nilidhani kajenga. Kapaka tu.

Watu wameondoka na mahindi yao. Nimefunga. Nina hasira na sina wa kumpa.

Jumanne, 4 Mei

Mtu kashapeleka habari. Asubuhi gari la jeshi limesimama mlangoni, kashuka afisa mmoja katika wale wanaogawa mali zilizoachwa. Hakusalimu.

"Mama, mashine nalala?"

"Inatengenezwa, afande."

"Mashine ya serikali hapana lala. Mimi narudi tarehe kumi na saba. Kama bado nalala, napatia mutu ingine."

Nikajibu ndiyo, afande. Nimejichukia kutwa nzima kwa ile ndiyo.

Mashine ya serikali! Mzee alipoondoka niliachiwa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyejua hata kuiwasha. Miaka minne naipaka grisi kwa mikono yangu. Ikienda, tunabaki na cherehani ya mume wangu, Baba Sofia, na kitambaa madukani hakuna. Hapo hatuli.

Alhamisi, 6 Mei

Okello amekuja kuangalia. Ni jirani yetu Kyebando, fundi wa karakana moja ya serikali. Mtu wa maneno machache, namshukuru kwa hilo. Amepiga magoti, amegonga sakafu, amesema bolti ziingie kwenye mwamba wenyewe, tena kwa kina, la sivyo tutarudi hapa hapa. Ataazima kimya kimya mashine ya kutobolea ya karakana, ya umeme, ile inayozunguka huku ikipiga nyundo. Mpaka Jumanne tu. Lakini keekee, vile vyuma vya kutobolea vya kufunga kwenye mashine hiyo, hana. Zimekwisha, hazijaagizwa.

Akanifundisha kuchagua. Keekee ya mawe ina kipande cha chuma cha kijivu kichwani, kigumu kuliko mwili wake, kimeshikizwa kwa shaba. Kipande hicho kinazidi mwili kwa unene kidogo, ukipitisha ukucha unakwama. Na shina lina mifereji, ndiyo mashine inashika hapo. Yenye shina laini ni ya mashine ndogo. Isiyo na kipande kichwani ni ya mbao au ya chuma, hata ing'ae vipi.

Basi nikaenda Kisenyi kwa shemeji, Sajini Musa, mdogo wa Baba Sofia. Naye alipewa duka la Mhindi mwaka ule ule. Duka la vyuma. Yeye anajua bunduki na nyama choma. Zamani kila keekee ilikuwa kwenye kisanduku chake, kimeandikwa unene na kazi. Shemeji visanduku kaviuza peke yavyo, maana ni vizuri kutilia sindano na vifungo. Keekee zote kazimwaga kwenye karai moja.

"Nataka ya mawe, shemeji."

"Zote ni drili, shemeji. Chukua yenye nang'aa."

Nilichuchumaa mbele ya lile karai mpaka miguu ikafa ganzi. Ukucha wangu umekwisha. Za mbao. Za chuma. Za mbao. Za mawe lakini shina laini, nyembamba kama penseli. Mwishoni kabisa, chini, ina kutu, imekaa kama takataka: moja. Mifereji ipo. Kipande kipo. Unene unazidi bolti kidogo tu, kama Okello alivyotaka.

Moja tu. Akanilazimisha kubeba na sita za mbao, ati ndiyo biashara. Nimezibeba. Nilitamani kumvisha lile karai kichwani.

Jumamosi, 8 Mei

Shimo la kwanza limetoka. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Saruji ilipita kama ugali, kisha mlio ukabadilika, mwamba. Okello haegemei mashine, anaiachia ipige yenyewe, kila mara anaitoa vumbi lipumue. Anasema anayesukuma ndiye anayeunguza keekee. Vumbi limetuvika sote uzee.

Shimo la pili, umeme ukakatika. Tumengoja mpaka jioni. Haukurudi.

Jumapili, 9 Mei

Hakuna umeme. Hakuna chumvi. Baba Sofia anasema nipumzike. Sitaki kuambiwa nipumzike.

Jumatatu, 10 Mei



Umeme umerudi asubuhi. Okello yuko kazini mpaka mchana. Mimi nimekwenda Kyebando kwenye msiba. Baba Sofia kabaki Kalerwe, barazani pa mashine, na cherehani yake, akaiangalia keekee, akaona ncha imekuwa butu. Akataka kunifurahisha. Akaichukua mpaka Kisenyi kwa mhunzi.

Mhunzi kafanya anachofanya kwa kila kitu siku hizi. Spea hazipo, mji mzima unaishi kwa moto wake. Tindo, jembe, springi ya gari, vyote anavitia motoni mpaka viwe vyekundu, anagonga, anachonga, anazamisha majini. Kaiweka keekee yangu motoni. Shaba ikayeyuka. Kile kipande cha kijivu kikadondoka kwenye makaa, mhunzi kakifagia na majivu. Kisha kaichonga ncha nzuri sana, kali, ya kupendeza.

Baba Sofia kanirudia anatabasamu. Kaifunga kwenye kitambaa cha suruali ya mteja.

"Mama Sofia, ona. Imekuwa mpya."

Nimepitisha ukucha. Haukukwama popote.

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele nisingenyamaza. Nimeitupa ukutani, imeacha alama. Mtu ana macho, ana mdomo, anashindwa kuuliza! Ndoa ya miaka yote hii, hajui kwamba mimi huulizwa kwanza.

Jumanne, 11 Mei

Okello ameijaribu hata hivyo, kwa kuniheshimu. Moshi. Ncha imejikunja kama nta. Akaizima mashine, akaifuta kwa shati lake, akaibeba kuirudisha karakana. Wakigundua haipo, hawatamwuliza kwa upole, na yeye ni Mwacholi, kabila linalowindwa na wanajeshi siku hizi. Sikumzuia.

Nimerudi kwa shemeji. Nimechambua karai lote upya, mbele ya wateja, na makorokoro yaliyo chini ya meza. Hakuna.

"Si nilikupa moja? Nyinyi mnakula drili?"

Wakacheka. Nami nilicheka, ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 12 Mei

Siongei na Baba Sofia. Namwekea chakula, nakwenda zangu. Ananitazama kama mtoto aliyevunja chungu. Anitazame.

Alhamisi, 13 Mei

Okello kapita jioni na tindo ndefu ya baba yake, aliyevunja mawe kwenye reli enzi za Waingereza. Mmoja ashike, mmoja apige. Kila pigo, anayeshika anaizungusha kidogo, ili isichimbe mahali pamoja. Maji kidogo, kijiko cha kutolea vumbi, tena. Yeye hawezi kukaa nasi, karakana wanamhesabu asubuhi na jioni.

Kwa hiyo mimi na Baba Sofia. Hakuna mwingine.

Nikamwambia, "Wewe shika." Ndilo neno la kwanza tangu Jumatatu. Akakaa chini, akaishika kwa mikono miwili. Fundi cherehani, vidole kama vya mwanamke. Nikanyanyua nyundo.

Nimepiga kwa ajili ya afisa. Nimepiga kwa ajili ya karai la shemeji, na kile kicheko changu. Pigo moja la mhunzi, ingawa yule hana kosa. Yaliyobaki yote ya mume wangu. Yeye anazungusha tu, hafumbi macho. Kufika magharibi shimo la pili limetimia. Mabega yangu si yangu.

Ijumaa, 14 Mei

La tatu limetimia. Alikwenda swala, akarudi, akakaa pale pale. 

Jumamosi, 15 Mei

Nimemvunja kidole.

Gumba la kulia. Shimo la nne lilikuwa nusu. Alisema, "Pole pole, mama." Pole pole! Yeye ndiye wa kuniambia mimi pole pole? Nikanyanyua juu zaidi. Nyundo haikwenda ilikokuwa ikienda siku zote.

Hakulia. Alivuta pumzi kupitia meno, akaufunga mkono kwa kilemba chake, akarudisha wa kushoto kwenye tindo.

"Piga."

Nikasema hapana. Akasema tena piga, sasa kwa hasira, na mimi sikumbuki lini nilimsikia Baba Sofia na hasira. Nikapiga. Pole pole. Tumemaliza.

Nimejiuliza njia nzima ya kurudi Kyebando kama nilikosea au nilikusudia. Nikijiambia uchovu, najua nasema uongo.

Jumapili, 16 Mei

Hospitalini hakuna plasta wala dawa ya maumivu. Muuguzi kamfunga kipande cha ubao. Amesema kidole kitapona lakini hakitajikunja kama zamani.

Okello kaja mchana, kasimamisha bolti ndefu mashimoni, kayeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu na kuimimina kuzizunguka. Saruji ingetaka siku nyingi za kukauka, hii inaganda unapotazama. Tumekaza nati. Tumewasha. Mashine inanguruma, sakafu inatetemeka, yenyewe haiendi popote.



Jumatatu, 17 Mei

Wamekuja. Foleni ilikuwa imefika barabarani, unga umejaa hewani.

Afisa kashuka mlango wa mbele wa gari. Mlango wa nyuma kashuka shemeji Musa, sare imepigwa pasi, mkononi ana kufuli mpya kabisa, bado ina karatasi yake.

Ndipo nikaelewa nani kapeleka habari, na "mutu ingine" ni nani. Kaniuzia keekee huku anasubiri nishindwe. Hakujua hata kwamba iliyokuwa nzuri ndiyo ile niliyoondoka nayo.

Afisa kaweka kiganja juu ya mashine.

"Nasaga?"

"Inasaga, afande."

Kaipiga teke, mguu wa mashine, kwenye bolti ya nne. Hakuna kilichotikisika. Kamgeukia shemeji na kumwambia kwa sauti, mbele ya foleni yote, "Wewe nasema imekufa. Wewe napotezea mimi petroli." Kisha kataka gunia la unga. Nimempa. Hakulipa, sikuuliza.

Shemeji katia kufuli mfukoni. Kapita mbele ya baraza, kauona mkono wa kaka yake uliofungwa ubao. Kasema, "Pole, kaka." Baba Sofia kamjibu, "Asante." Mimi nisingemjibu. Ningemtemea mate.

Jumatano, 19 Mei

Tumesaga kutwa. Mkanda umekaa.

Jioni, wateja walipokwisha, nimetoka barazani. Baba Sofia alikuwa anashona kwa kushoto, mshono unakwenda kama njia ya konokono. Uzi ulikuwa umetoka kwenye sindano, naye anaulowesha kwa mate, anakosa tundu, anaulowesha tena. Hakuniita.

Nimekaa kwenye kibao chake. Nimeuchukua uzi nikautunga. Alikuwa na suruali nyingine ya kushonwa, ya bluu, nikamtungia sindano nyingine ya hiyo, nikaichomeka kwenye bega la shati lake ili aipate kesho asubuhi kabla sijafika.