Mraba Chini ya Benchi

Fundi wangu,

Nilikupoteza Juni mwaka 1954, asubuhi ya baridi iliyogandisha gundi ndani ya kopo. Siku ile ile nikakuchongea jeneza peke yangu, futi sita na inchi mbili. Kanisani pale Iringa mchungaji akasema, "Marehemu ametuachia mabenchi kumi na manane." Mimi nilisimama nyuma, unga wa mbao za jeneza lako bado kichwani. Kumi na manane! Wewe na mimi tunaijua hesabu yake. Nikaenda kukubeba.

Huu ni mwaka wa nne nina karakana yangu hapa Mbeya. Mgongo unauma. Watu wananiletea mbao zao za mninga wakisema, "Tutengenezee kama kazi za yule fundi wa Iringa." Nawatengenezea. Nimechoka, Fundi. Nimechoka kuwa mkono wa mtu aliyelala.

Sasa mchungaji ameagiza mabenchi mengine sita, "yafanane na kazi ya marehemu." Wiki iliyopita nikapanda basi hadi Iringa kuchukua vipimo. Nikalala chali chini ya mabenchi ya kanisani, rula mkononi.

Unakumbuka nilivyoikanyaga rula yako ya kukunja, mwezi wangu wa kwanza wa kujifunza kazi kwako? Ukaninyima rula mwaka mzima. "Wewe Mnyakyusa, mkono mrefu hivyo wa kuibia ndizi, utakosaje kupima? Pima kwa ulichozaliwa nacho!" Nikapima kwa shubiri, toka gumba hadi kidole cha mwisho. Mama, mkeo, akaniwekea ugali huku akicheka: "Kula, mwanangu, vidole navyo hunenepa." Rula mpya ilipokuja nilikuwa nimeshazoea mkono.

Basi nikapima misumari ya mti tuliyoshikizia mbao za kukalia. Mabenchi manne, kati ya kila msumari na mwenzake ni inchi tisa kamili. Hayo yako. Kumi na manne, inchi tisa na robo tatu. Nikaweka rula chini, nikatandaza vidole. Shubiri yangu, bila kupungua. Miaka yote hiyo nilidhani nakuiga wewe, kumbe kazi ilikuwa inaniandika mimi. Nililala pale hadi mfagiaji akaniuliza kama naumwa.

Lakini kuna jambo. Manne yako yana alama yako kwa chini, mikato mitatu. Yale kumi na manne hayana. Mahali pale pale pa alama pamekwanguliwa kwa patasi, mraba wa inchi mbili, laini kama shavu. Nani anahangaika kulainisha mahali ambapo hata panya hatazami? Ni wewe. Ila sijui ulikuwa unafanya nini, Fundi. Na Mama hajui. Nilimuuliza nikimrekebishia mlango, akaniambia tu nikaze bawaba.

Lala salama. Mlango wa Mama haupitishi tena baridi, na kila Juni nitakuja kuutazama. Haya mabenchi sita nayapima kwa mkono, si kwa rula, na nitamwambia mchungaji kwa nini. Yale kumi na manne yanangoja neno lako. Jumamosi nitakuwa Iringa, patasi nimeshainoa.

Ulichonga alama yako juu ya kazi yangu kisha aibu ikakushika ukaifuta, au ulinitengea mahali pa alama yangu, ukangoja niombe? Kama uliifuta, nitapaacha patupu hivyo hivyo, pakusute. Kama ulinitengea, nitachonga.

Nijibu kabla ya Jumamosi saa kumi jioni. Kwa ndoto, kwa Mama, kwa vyovyote. Lipi?