Jina Ambalo Mama Halitaji

Jumatatu, 2 Septemba

Nimetoka shule, nimebadili sare, nimemfuata mama shambani. Tumepanda maharage mpaka jua likashuka. Mimi natupa mbegu, yeye anafukia kwa kisigino. Deo, mdogo wangu, kazi yake kufukuza kuku. Kacheza nao tu.

Mwenyekiti wa kijiji kapita na tangazo. Alhamisi wote waliozaliwa ng'ambo ya mpaka wafike uwanja wa shule ya msingi. Kuna oparesheni. Watahojiwa mmoja mmoja. Atakayeonekana si mkazi atarudishwa kwao.

Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Muyinga. Kwao ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Migomba ile ile, lugha ni kama hii hii yetu. Aliolewa hapa kabla sijazaliwa. Baba alipeleka mbuzi na majembe, watu wakanywa pombe ya ndizi, basi. Hakuna aliyeandika chochote. Baba naye alifariki nikiwa darasa la tatu.

Mama anasema atawaambia tu kwamba yeye ni wa hapa. Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, ongeza kidogo.

Naogopa. Sijamwambia.

Jumanne, 3 Septemba

Leo nimekuwa mwalimu. Nimeandika maswali kumi na moja kwenye karatasi ya daftari la Jiografia. Jina lako nani. Kijiji gani. Kata gani. Mwenyekiti wenu nani. Una watoto wangapi, wamebatizwa wapi. Mama kakaa kwenye mkeka, kanyoosha miguu, anajibu huku anamenya ndizi. Akikosea nampigia meza. Akipatia anajipongeza mwenyewe.

Tukafika swali la kumi na moja. Baba mkwe wako anaitwa nani?

Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Nilisahau. Hapa kwetu mke halitamki jina la baba mkwe wake. Ni aibu kubwa, ni kama kumvua nguo mbele ya watu. Miaka yote hii mama anamwita babu "Mwenye mji", yaani mwenye boma. Sijawahi kumsikia akiteleza, hata akiwa na hasira, hata ile siku ya mazishi ya baba.

Nikamwambia ajaribu mara moja, babu hayupo, hatasikia. Akakataa. Nikamtania kwamba hata kuku hawatamshtaki. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Nami nikacheka. Nikalikata swali kwa kalamu nyekundu, nikasema hawataliuliza.

Nimempa kumi juu ya kumi.

Jumatano, 4 Septemba

Babu bado yuko Nyamigogo kwa shangazi, alikwenda kusaidia kuvuna mihogo. Nimepiga simu ya shangazi mara tisa. Haipatikani. Kule wakikosa pa kuchaji wanakaa hata siku tatu.

Nimekwenda kwa jirani yetu wa chini, mzee aliyekuwa rafiki wa baba. Nimemwamkia shikamoo kwa heshima zote, nimemwomba kesho asimame na mama. Kasema sawa. Nilipofika ukingoni mwa migomba akaniita tena, akasema mguu unamsumbua. Juzi nilimwona akicheza ngoma kwenye harusi kwa mguu huo huo.

Watu wanaogopa. Anayemtetea mgeni anaulizwa na yeye kwao wapi. Naelewa. Ila nimemchukia.

Alhamisi, 5 Septemba

Asubuhi mama alipanda mstari mmoja wa maharage kabla ya kuoga. Ulibaki mmoja pale mwisho. Akasema atamalizia akirudi.

Tulipanga foleni toka saa mbili. Sikwenda shule. Aliyehoji alikuwa kijana tu, macho mekundu kwa vumbi na usingizi. Hakuwa mkali. Nimejaribu kukumbuka kama alikuwa mkali ili nimlaumu yeye. Hakuwa.

Mama alijibu vizuri. Jina, kijiji, kata, mwenyekiti. Kiswahili kimenyooka kuliko cha wengi pale. Nilisimama nyuma ya kamba nikihesabu kwa vidole. Alama saba. Alama nane.

Kisha yule kijana akauliza, "Mume wako marehemu. Baba yake anaitwa nani?"

Mama akainamisha kichwa.

Akauliza tena taratibu, akidhani hajaelewa. Mama akashika pindo la kitenge. Niliona midomo yake imebana. Mimi nikapiga kelele toka kwenye kamba, "Bakundukize! Anaitwa Bakundukize, ni babu yangu!" Nikaambiwa mtoto hamsemei mzazi. Nikajaribu kueleza mila. Kiswahili changu ninachojivunia darasani kikakatika vipande vipande. Nikalia badala ya kueleza.

Yule kijana akasema, mtu aliyeishi kwenye mji miaka kumi na sita asijue jina la mwenye mji? Akaandika.

Mwenyekiti wetu alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Wahenga wanasema mdomo uliponza kichwa. Wa mama umemponza kwa kunyamaza.

Mama na wengine walioshindwa walipakiwa kwenye lori saa nane kuelekea Kabanga, mpakani. Mama hakulia. Aliniambia kwa lugha yetu nisisahau kumpaka Deo mafuta miguuni, ngozi yake inapasuka.

Ijumaa, 6 Septemba

Sikwenda shule. Deo kauliza mara ngapi sijui. Nimempaka mafuta.

Ni mimi niliyekata lile swali.

Jumapili, 8 Septemba

Babu karudi. Alipata habari Lusahunga, kwenye basi, kwa mtu aliyedhani anampa umbea wa kijiji kingine.

Nimemweleza yote. Nilitegemea atanipiga. Akaniuliza mara mbili, kwa hiyo alinyamaza? Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akalala na viatu. Nilimsikia akilia. Sijawahi kumsikia babu akilia. Anasema heshima ya jina lake imemfukuzia mtoto. Hakusema mkwe. Alisema mtoto.

Jumatatu, 9 Septemba

Babu alikwenda ofisini na cheti changu cha ubatizo na cha Deo. Kaambiwa mama ameshavuka. Akitaka kurudi aombe kibali akiwa huko huko, alete na karatasi za kwao. Karatasi gani? Alizaliwa kwenye migomba, kama babu mwenyewe.

Hakuna aliyemfokea. Walimpa kiti. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama Leokadia, anayeuza dagaa pande zote mbili, kaleta ujumbe. Mama yuko kwa mjomba. Kesho, siku ya gulio, atafika karibu na kizuizi cha Kabanga.

Babu kanunua jembe jipya. Kwa mila yetu baba mkwe akimpa mkwe wake jembe kwa maneno ya ruhusa, amemfungua kinywa. Anaweza kulitaja jina lake mbele ya yeyote bila aibu. Magoti ya babu hayafiki Kabanga. Kanipa mimi nilipeleke.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwona.

Amekonda. Kitenge ni kile kile. Watu wanapita na baiskeli za ndizi, wabadilisha pesa wanaita, nasi tumesimama pembeni mwa ule mti wa chuma wa kizuizi kama watu wanaobishana bei ya nyanya. Nilimpa jembe kwa mikono miwili, nikasema maneno ya babu kama alivyonifundisha. Mama alipiga magoti pale pale kwenye changarawe. Akalipokea.

Nikamwambia alitaje sasa. Nilitaka nilisikie. Nilihisi akilitaja tu kuna kitu kitafunguka.

Akatikisa kichwa. "Nitalitaja uwanjani kwake," akasema. "Siyo barabarani."

Nilikasirika. Nilimwambia ni jina tu, lingemrudisha nyumbani, mimi nimelipigia kelele uwanja mzima na ardhi haikupasuka. Nilimwambia ametuacha kwa ajili ya neno moja. Nilisema hivyo. Kwa mama yangu.

Alinishika kidevu, akauliza kama Deo anapakwa mafuta.

Tuliachana saa saba.

Jumapili, 29 Septemba

Misa ya kwanza. Baadaye nimepalilia maharage ya mama. Yameota vizuri, mistari imenyooka kuliko ningepanda mwenyewe. Mstari wa mwisho uko wazi. Nilitaka kuupanda, babu kasema uachwe.

Niliwahi kumwambia kwamba mama hakulitaja. Akasema huyo ndiye mkwe wake. Tangu hapo anafagia uwanja mwenyewe kila asubuhi, na mgongo ule. Simzuii.

Leo nimeikuta karatasi ya maswali ndani ya daftari la Jiografia. Nimefuta ile kumi juu ya kumi. Chini nimeandika upya swali la kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Jibu nalijua. Nafasi yake nimeiacha kwa ajili ya mama.