Kompyuta Uliyoniachia na Sauti ya Bibi Yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu zangu zikufikie huko Maskati, nyumba yoyote uliyohamia. Barua mbili nilizokuletea zimerudi na muhuri wa posta, hazijafunguliwa. Simu yako nikipiga anapokea mwanamme, ananambia kwa Kiarabu nimekosea namba. Ndiyo nnaiandika hii wazi, kila mtu aione, huenda mmoja akakufikishia. Usinune kwanza. Maneno ya ndani ya nyimbo sitoyataja.

Unaikumbuka siku uliyoileta ile kompyuta hapa Kiponda? Mahamali wawili walipanda nayo ngazi zetu wakitweta, na mimi nyuma yao nnapiga kelele, "Hili dude tutaliweka wapi, juu ya kichwa changu?" Ukacheka. "Mama, hili si dude, hili kabati la nyimbo." Ukanieleza kwamba haitumii mfumo wanaotumia watu wengi, inatumia Linux, ni ya bure na virusi haviingii ovyo. Mimi nikaona jina kama la sabuni. Ukanifundisha kufungua ile programu ya kupigia nyimbo, yenye alama ya duara la rangi ya chungwa. "Bonyeza mara mbili, mama. Polepole! Hutwangi kisamvu."

Nyimbo zenyewe ndizo zilizotugombanisha. Bibi yako, mama yangu, alikuwa kungwi. Mabiharusi wa mtaa huu kawafunda yeye, kwa ngoma yake na nyimbo zake za unyago, mlango umefungwa, mwanamme hasogei na msichana ambaye hajachezwa hasogei. Wewe ulipokwishaolewa ukakaa naye mchana kutwa na kile kirikoda chako. Nilikataza. Nilikwambia mashine haina haya, itamwimbia yeyote atakayeibonyeza. Bibi yako akanitazama kwa lile jicho lake, akasema, "Muache mtoto. Mimi nshazeeka, na wewe nusu umezisahau." Niliumia kwa sababu ilikuwa kweli.

Alipofariki, siku ya tatu ya matanga, mbele ya wanawake wote waliojaa ukumbini, nilikugeukia nikasema umemvua bibi yako nguo ukamtia ndani ya mashine. Ulikusanya vikombe ukaenda kuviosha. Mwezi uliofuata mkasafiri wewe na mumeo, na simu zako zikawa fupi, halafu zikakatika.

Sasa sikiliza lililonikuta. Shemsa, binti wa mdogo wangu, kaposwa, na harusi ikawekwa Ijumaa. Ukungwi umeniangukia mimi. Wiki moja kabla, nimekaa nikajaribu kuziimba zile nyimbo kwa mpangilio wake. Ya kwanza nnayo. Ya pili nnayo. Ya tatu, mwanzo tu. Baada ya hapo, kiza. Nikawasha kompyuta yako, nikabonyeza lile duara mara mbili, polepole kama ulivyonifundisha. Halikufunguka. Likaja dirisha lenye Kiingereza kirefu. Nikalifunga, nikajaribu tena, likarudi lilelile.

Hapo ndipo nilipokosea, Zuhura. Nikaita hamali, nikaipeleka dukani kwa fundi, Darajani. Nilifikiri maradhi ya mashine tu, sikufikiri kilichomo tumboni mwake.

Fundi kijana mpole. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Akaiwasha, akasoma, akatikisa kichwa. "Mama, wenye programu hii wametangaza kuwa hawaitengenezi tena kwa Linux. Hii yenu ya zamani wameshaifunga. Bora niufute mfumo huu nikuwekee ule wa watu wote."

"Na nyimbo zangu?"

"Nikifuta, kila kitu kinakwenda. Labda nizitoe kwanza. Hebu ngoja nisikie moja, nijue kama ni nzima." Akavuta spika, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Mlangoni wamekaa wanaume wanne wanakunywa kahawa.

"Usifungue!"

"Mama, nyimbo tu hizi."

"Nshakwambia usifungue!" Nikainama na buibui langu nikaung'oa waya ukutani. Kioo kikazima. Mzee mmoja akauliza, "Kuna nini humo, Bi Salma? Jini?"

"Kuna mambo ya wanawake."

Yule mzee akaweka kikombe chini. Hakucheka. Akamwambia fundi, "Mrudishie mama kitu chake. Sasa hivi."

Nilirudi nyumbani nyuma ya gari la hamali. Nilikuwa nimefika ukingoni mwa kumvua nguo mama yangu mbele ya wanaume, mimi mwenyewe, mimi niliyekutukana wewe.

Nikamwita Asya, yule binti wa Bi Time jirani, anasomea kompyuta. Mtoto mzuri, lakini hajaolewa, hajachezwa. Hana ruhusa ya kusikia hata kibwagizo. Nikamwambia atafute programu nyengine inayokubali Linux, lakini nyimbo asizisikie.

"Sasa ntajuaje kama inapiga, Bi Salma?"

"Utatazama."

"Muziki unatazamwa?"

"Leo utatazamwa."

Akachomoa nyaya za spika akanikabidhi mkononi kama mtu anayetoa silaha. Programu ya kwanza aliyoileta ilifunguka, ikaorodhesha nyimbo zote, akabonyeza, na zile tarakimu za dakika zikabaki sifuri. Akabonyeza nyengine. Sifuri. "Hii haizijui nyimbo za aina hii," akasema taratibu. Ilikuwa Jumatano. Nikaanza kuhisi kama nnamzika mama yangu mara ya pili.

Alkhamisi akarudi na diski kutoka chuoni kwao, mna programu nyengine kabisa. Kaiweka, mimi nimesimama nyuma yake nimeshika waya. Sifuri. Sifuri. Halafu moja. Mbili. Tatu.

"Inatembea!" Asya kapiga ukelele. "Bi Salma, inatembea!"

"Toka, mwanangu. Toka ufunge mlango."

Nikachomeka hedifoni, nikavaa. Kabla ya wimbo nikasikia kikohozi cha bibi yako. Halafu akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Na wewe, karibu kabisa na sikio langu, "Yuko jikoni, kanuna." Akasema, "Muache anune. Siku yake itafika atakaa mahali pangu, na mimi sitokuwepo wa kumkumbusha." Ukamjibu, "Najua, bibi. Mimi nnamtilia yeye nyimbo hizi humu."

Nikavua hedifoni. Kumbe miaka yote hii unayajua haya na hukunijibu hata kwa neno moja la kujitetea.

Nilizisikiliza zote mpaka magharibi. Usiku ule Shemsa tulimfunda, sikuruka hata ubeti. Walikuwepo walewale wanawake wa matangani. Mmoja akaniuliza nimezikumbukaje zote, umri huu. Nikasimamisha ngoma. Nikasema, "Kaniwekea Zuhura. Nilimsema vibaya mbele yenu, na leo nnasema mbele yenu kwamba mkosa ni mimi."

Lakini wewe hukuwepo kusikia. Ndiyo maana hii si siri. Aibu nilikupa hadharani, na msamaha nnauomba hadharani. Nisamehe, mwanangu. Simu ya nyumbani namba haijabadilika. Piga. Ukiwa huna la kusema, usiseme, mimi ntaongea.

Nnabaki nnakungoja,
Mama yako