Mukate wa Bibi Nora

Chimène,

Basi iko karibu kupita. Maharagi iko kwenye frigo, umupashie moto mudogo wako Salomon akitoka masomo. ~~Mukate ulioungua utupe.~~ Hapana, usiutupe, tutakula na chai.

Asubui ulicheka: "Mama, hii ni jiwe!" Niliumia. Bibi Nora, ule mzee ninayemutunza kazini, ana siku tatu hakuli. Jana aliniomba kitu kimoja tu: mukate wa kwao Irlande, wenye mama yake alikuwa anaoka na bikarbonate na maziwa ya kuganda.

Donc nilikanda tena. Huu wa pili umeiva, ninaubeba ungali moto. Akiukataa, kesho tutaoka mwingine, na wewe mucheshi ndiye utakanda.

Mama