Swali la Mize Dikoni

Jumatatu, 3 Februari
Klabu ya mdahalo tena, saa nane mchana, joto la kupasua kichwa. Vijana ishirini na wawili, madawati tisa. Nimesema simu ziruhusiwe skuli. Wote wamekubali. Nikasema zisiruhusiwe. Wote wamekubali pia. Nimecheka mpaka na wao wakacheka, bila kujua wanacheka nini.

Watoto hawa wanahifadhi juzuu nzima bila kukosea herufi. Ukiwauliza wewe waonaje, wanatazama sakafu.

Nimeandika kanuni mbili ubaoni. Mtu akisema jambo, muulize "umejuaje?" Na kabla hujampinga mtu, rudia hoja yake mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Hiyo ya pili wameiona ya kijinga. Kazi ya nyumbani: kila mmoja akaulize "umejuaje?" mara tatu. Najiona mwalimu hodari leo.

Jumatano, 5 Februari
Ripoti za kazi. Raha tupu. Mmoja kamuuliza bibi yake amejuaje kama mvua itanyesha. Bibi kamuonesha goti linalomuuma. Haijanyesha.

Mize hakusoma ripoti yake. Kidato cha Tatu, akili kuliko wote, sauti ndogo kuliko wote. Akisema, hata dawati la mbele halisikii. Nimemuacha.

Alhamisi, 6 Februari
Nimejua kwa nini.

Baba yake ni Mzee Kombo, mnadi wa samaki hapa dikoni Tumbe, vyombo vinaposhusha samaki. Upepo ukiwa wa huko, tunamsikia mpaka darasani. Juzi jioni alikuwa akinadi kolekole: "Wa leo hawa, wa leo!" Mize kapita, kasimama, kauliza mbele ya wachuuzi wote: "Baba, umejuaje kama ni wa leo?" Mara ya kwanza katika maisha yake kasikika. Diko zima likaangua kicheko. Mzee Kombo kamshusha samaki, mnada ukakatika. Sasa kila akifungua mdomo wachuuzi wanamtania, "Mzee, umejuaje?"

Nimecheka peke yangu ofisini. Kisha aibu ikanishika. Sikuwaambia wakaulize wapi wala kwa namna gani. Kosa langu.

Jumatatu, 10 Februari
Mzee Kombo kaja skuli. Kaingia kwa mwalimu mkuu, mlango ukafungwa, tumesikia wote. "Mwanangu nimemleta kusoma, sikumleta aje kunifedhehi mbele ya watu!" Kasema Mize haji tena klabuni. Na klabu yenyewe anataka ifungwe.

Mwalimu mkuu, mtu wa kupenda amani, kaitisha kikao cha wazazi Alhamisi. Kaniambia nijiandae kusema.

Mimi! Hili naliandika humu tu: mbele ya watoto nasema mpaka kengele. Mbele ya watu wazima ulimi unakauka. Harusi ya mdogo wangu niliombwa nitoe shukrani, nikajificha jikoni.

Jumatano, 12 Februari
Hotuba kurasa nne. Nimeisoma mbele ya kioo. Mbaya. Nimeichana.

Klabu imepoa bila Mize. Wameniuliza kama tunafungwa. Sijui. Nimemkuta mwenyewe kwenye mfereji wa maji ya kunywa anajaza chupa, kaniuliza kwa kisauti chake kama wanafunzi wanaruhusiwa kikaoni. Nikamwambia sijasikia kukatazwa.

Nina hasira na nafsi yangu.

Alhamisi, 13 Februari
Niko hoi. Mwandiko mbaya kwa furaha.

Wazazi walijaa. Mzee Kombo kasema kwanza, kipaza sauti kakisukuma kando. Ikafika zamu yangu. Salamu nimetoa vizuri. Baada ya hapo nilichoweza ni kuomba radhi kwamba kazi nimeitoa bila kufikiri, nikakaa. Mwalimu wa kuzungumza hadharani, huyo.

Mize akanyanyua mkono. Ukumbi ukanyamaza, maana bila hivyo hasikiki.

Kasema anaanza kwa kurudia hoja ya baba. "Baba asema klabu inatufunza utovu wa adabu."

"Sivyo," kasema Mzee Kombo.

Mize akafikiri. Akajaribu tena: "Baba hasemi kuuliza kubaya. Asema jina lake ndiyo kazi yake, na miye nimelitia shaka mbele ya watu wanaomuamini."

Mzee Kombo, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Ndivyo."

Klabu nzima ilikuwa imejazana dirishani. Makofi! Mwalimu mkuu kawafukuza, wakarudi.

"Kwa hilo niwie radhi, baba," kasema Mize. "Ningekuuliza nyumbani. Lakini jawabu unalo, umenifunza mwenyewe. Nlitaka na wao walisikie."

Mzee Kombo kamtazama sana. "Haya. Niulize sasa."

"Umejuaje, baba?"

Mzee Kombo akasimama, akaeleza. Dakika kumi nzima! Mashavu ya samaki yakifunguliwa yawe mekundu, jicho liwe limetuna, nyama ukiibonyeza irudi. Mikono juu, sauti ya mnadani. Mzazi mmoja wa nyuma akajisahau, akataja bei. Watu tumecheka mpaka machozi.

Klabu haikufungwa. Kuhusu Mize kurudi, baba yake kaondoka bila kutamka kitu. Hilo linanikera.

Jumamosi, 15 Februari
Nimekwenda dikoni asubuhi. Watu wachache.

Mzee Kombo kainua kolekole. Kabla ya kunadi kafungua shavu, kamgeuza samaki huku na huku watu waone. Hakuna aliyemuuliza. Mize alikuwa kando yake.

Kaniona, kaniita. "Mwalimu, Jumatatu anakuja. Maswali mfunze weye. Hii sauti niachie miye."

Akampa Mize fungu la samaki aina ya changu anadi. Hakuna aliyesikia. "Tena," kasema baba yake. Akarudia. "Tena."

Mara ya tatu nikasikia nilipo. Nikanyanyua mkono. Changu wanne, nimewapika kwa nazi.