Skrubu za Plastiki

Zwartsluis, 4 Novemba

Mjukuu wangu Sietse,

Hujambo, na kikohozi? Mimi mzima, kiuno tu kinaninung'unikia.

Ile taa ya ngazini uliyoiacha nusunusu, vitu vyake viko wapi? Mama yako kaapa, nikianguka tena ngazini mwa tishari langu ananihamishia nchi kavu, nyumba ya wazee. Anakuja tarehe 14 kukagua. Nimezaliwa juu ya maji, sitakufa nikipangiwa saa ya kula.

Bibi yako

Eindhoven, 7 Novemba

Shikamoo Bibi,

Kikohozi kimepona. Pole na kiuno.

Nimezunguka maduka yote, skrubu ndogo za plastiki hawana. Nimeziagiza Ujerumani pamoja na gundi ya kupitisha joto; zitafika kwako. Gundi inashikisha taa kwenye bati ili joto litoke. Weka kifurushi, nakuja Jumamosi tarehe 18 kufunga mwenyewe. Mama nitamwomba asubiri.

Mjukuu wako, Sietse

Zwartsluis, 10 Novemba

Sietse wangu,

Umekula? Usinidanganye, najua unakula mkate mkavu.

Kifurushi kimefika. Gundi sawa, inanata. Lakini hizo skrubu, mwanangu, ni meno ya mwanasesere. Moja nimeijaribu na bisibisi, kichwa kimekatika kama jibini. Babu yako alikuwa akimcheka mtu anayefunga kitu cha plastiki kwenye chombo. Majini ni shaba. Halafu mama yako hasubiri, unamjua, kichwa kigumu kama changu.

Bibi yako

Eindhoven, 13 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Nimekula, supu ya njegere kabisa.

Tafadhali usitie shaba. Plastiki niliichagua kwa sababu haipitishi umeme. Chuma au shaba ikigusa taa na bati kwa pamoja, umeme wa zile betri kubwa za tishari unapita hapohapo. Taa inaweza kuwaka vizuri tu mwanzoni, huku nyuma ya mbao kunapata moto usiouona. Najua hujafanya, naandika tu roho yangu itulie. Simu yako imezimwa tena. Itie chaji basi.

Nakuja Jumamosi. Mama akisema neno, mwambie mjukuu wako ndiye fundi.

Mjukuu wako, Sietse

Zwartsluis, 13 Novemba, jioni

Sietse, moyo wangu,

Habari za huko? Huku kuna ukungu, siioni ng'ambo ya pili.

Usinune, sikungoja jibu lako, nimemaliza mwenyewe. Gundi nimepaka, skrubu nimetia za shaba kutoka kopo la babu yako, nikakaza mpaka bati likalia. Inawaka! Naona kila kipandio, hata uchafu niliokuwa nasingiziwa na mama yako. Ubao wa nyuma umepata vuguvugu zuri, nimeuegemeza mgongo tangu saa kumi na kiuno kimenyamaza. Kuna harufu kidogo, kama lami enzi tulipokuwa tunaziba nyufa za chombo. Paka kakimbilia sitahani hataki kushuka, mjinga, kwenye baridi yote hii.

Barua naipeleka sandukuni sasa hivi, kisha nalala. Taa siizimi. Mama yako anafika alfajiri, nataka aione akiwa bado mbali gatini.

Bibi yako